Sentensi za Amondi

Kwa miaka ishirini na miwili Khamala alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapishaji huko Industrial Area. Vitabu vya shule, kalenda, katiba za makanisa, vyote vilipita mezani pake kabla ya kuchapwa. Alisoma kidole kikitembea chini ya mstari, midomo ikisogea bila sauti, na kalamu nyekundu ikiwa tayari mkononi. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alizunguka na barua zake za sifa mpaka soli za viatu zikaisha, na kila mahali akaambiwa kazi hiyo siku hizi inafanywa na kompyuta. Akarudi Kianda, kwenye chumba cha kupanga katika ploti moja alichokaa na mke wake Nelima, fundi wa kushona sare za shule. Akawa hana la kufanya ila kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama na kuyasahihisha.

"Baba Bridgit," Nelima alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye cherehani, "hiyo nyama haijui kusoma."

Mwanafunzi wa kwanza wa Khamala alikuwa Derrick, kijana wa ploti hiyo hiyo, aliyekuwa akisomea mambo ya ununuzi na ugavi katika chuo kidogo Kawangware. Ripoti yake ya mafunzo ilikuwa imerudishwa mara tatu, na juu yake mwalimu wa chuo ameandika maneno mawili tu: lugha mbaya. Khamala aliichukua Ijumaa akairudisha Jumapili ikiwa nyekundu kutoka juu hadi chini. Derrick alinakili kila sahihisho, akaipeleka, ikapita. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili. Baada ya miezi michache walikuwa wengi mno kwa chumba cha ploti, na mchungaji mmoja wa Gatina, upande wa Kawangware, akawapa kanisa lake la mabati walitumie Jumamosi asubuhi.

Basi kila Jumamosi Khamala alivaa shati lililopigwa pasi, akatoka Kianda kwa miguu hadi Ngong Road, akavuka, akateremka mpaka Kawangware. Wanafunzi walileta walichokuwa nacho, pengine unga, pengine hawana kitu. Hakuwa na cheti cha ualimu lakini walimwita Mwalimu, naye alilisikia jina hilo kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Aliwafundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa kusimama mbele ya watu na kusema. Aliwaonyesha pa kuweka mikono, namna ya kutulia kabla ya kujibu swali, namna ya kuitupa sauti ifike benchi la mwisho bila kupiga kelele. Hilo alilifanya vizuri kuliko alivyojua. La pili lilikuwa kuandika, na hapo alifanya alichokuwa akifanya kiwandani. Maandishi yaliingia yamepinda yakatoka yamenyooka. Aliyeyaandika hakuwa mezani. Hakuwahi kuwa mezani katika miaka ile yote.

Amondi alijiunga nao mwanzo wa mwaka. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mama wa watoto wawili, na alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba katika Soko la Toi. Kidato cha nne alikimaliza amechelewa, baada ya kumzaa mtoto wa kwanza, na sasa alikuwa akisomea diploma ya kazi za jamii katika chuo kile kile cha Derrick. Utafiti wake wa mwisho ulihusu zile nyumba za kulelea watoto katika mtaa wa mabanda wa Lindi, jirani na Kianda, ambapo kina mama wanaokwenda kufua nguo za watu Lavington na Kilimani huacha watoto wao mchana kutwa. Alikuwa amezuru nyumba kumi na sita. Katika kila moja alikaa chini sakafuni na daftari kwa siku nzima, mtoto wake mwenyewe mgongoni, akiandika nani analia, nani anakula, nani ameketi amelowa mkojo tangu saa tatu. Shirika moja lilikuwa limemwahidi kazi ya kusimamia nyumba hizo mradi alete cheti kabla ya mwaka kwisha.

Kiingereza chake kilikuwa shida. Sentensi zilianza kwa mtu mmoja zikaishia kwa mwingine. Lakini Khamala aliposoma kurasa zile za kwanza, aliiweka kalamu chini.

"Huyu mtu ameona kitu," alimwambia Nelima.

Akaifanyia ripoti ile kazi kuliko ripoti yoyote. Kwa miezi mitatu ilikwenda kwake na kurudi kwa Amondi, na kila ilipokwenda ilirudi imenyooka zaidi. Ilipofika mwisho ilikuwa kurasa arobaini na mbili, na hapakuwa na mstari ambao ungeona haya kwenye kitabu cha kiwanda kile. Amondi aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Hiyo ilikuwa Septemba.

Jumanne moja mwezi wa Oktoba alikuja Kianda saa nne asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa sokoni. Alikuwa amembeba mtoto, na mkononi ana barua.

"Mwalimu, wanasema si mimi nimeandika. Wanasema ni AI."

"Nani wanasema?"

"Chuo. Kuna programu wamenunua. Inasoma kazi yako inasema kama ni mtu ama ni mashine. Yangu imesema asilimia themanini na moja ni mashine. Natakiwa nikae mbele ya kamati Jumatatu."

Khamala aliisoma barua ile mara mbili. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, na kwa mara ya kwanza mkono wake haukwenda mfukoni kutafuta kalamu.

"Uliitumia?"

"Hii simu yangu hata WhatsApp inakwama. Ningeitumia na nini?"

"Ni wewe peke yako?"

"Tuko wanne. Derrick na ripoti yake ya mwisho, na wale wasichana wawili wa Congo."

Wote wanne walikuwa wanafunzi wake wa Jumamosi. Nelima aliacha kukanyaga cherehani. Khamala alimwambia Amondi asijali, kwamba yeye mwenyewe ataenda chuoni kesho kueleza, na neno lile "kueleza" lilimpa nguvu kwa sababu aliamini ni jambo la kueleza tu.

Mkuu wa idara aliitwa Kyalo, mtu wa makamo, mpole, mwenye meza iliyojaa ripoti. Alimpa Khamala kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho: kiwanda, kanisa la mabati, Jumamosi, kalamu. Khamala alitoa kwenye mfuko wa karatasi rasimu za mwanzo za Amondi zenye wino mwekundu, akaziweka mbele yake lakini bado amezishika.

"Mzee," Kyalo akasema, "nikikuelewa vizuri, unaniambia hii kazi haikuandikwa na mashine. Imeandikwa na wewe."

"Nilisahihisha."

"Sentensi ngapi?"

Khamala alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo kuhusu maandishi.

"Karibu zote," akasema.

Kyalo alivua miwani, akajifuta macho. "Nitakuambia kitu, na ni kwa sababu naona umekuja kwa nia njema. Sheria zetu ziko hivi. Anayetumia mashine, kazi yake inafutwa, anarudia mwaka. Anayeandikiwa na mtu mwingine anafukuzwa. Hizo karatasi ukiniachia, itabidi nizipeleke kwa kamati. Kwa hivyo niambie, unaniachia?"

Khamala alizirudisha karatasi kwenye mfuko. Karatasi moja ilianguka chini ya meza, Kyalo akainama kumwokotea, akampa bila kuitazama.

Alirudi nyumbani akiwa hajui amepitia wapi. Kwa miezi mitatu alikuwa akijiona anampandisha msichana yule ngazi. Sasa akinyamaza, Amondi ni mwongo aliyetumia mashine. Akisema ukweli, Amondi anafukuzwa. Alimweleza Nelima, na Nelima, ambaye hakuwahi kumlaumu hata wakati wa kukosa kodi, alimuuliza swali moja.

"Ulipokuwa unabadilisha, ulimuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama ndivyo alivyotaka kusema."

Alfajiri ya siku iliyofuata alivuta boksi kutoka chini ya kitanda, akatandaza rasimu zote sakafuni kando ya nakala ya mwisho. Aliamua kutafuta, katika kurasa arobaini na mbili, ni sentensi zipi bado ni za Amondi. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa alikuwa amepata sita. Kwenye ukurasa huo kulikuwa na sentensi yake mwenyewe, nzuri, iliyosema kwamba uwiano wa walezi na watoto katika vituo hivyo ni wa chini mno kuliko unaopendekezwa. Alitafuta rasimu ya kwanza aone ilitokana na nini. Kwa Kiingereza chake kilichopinda Amondi alikuwa ameandika kwamba mtoto akilia mama yake yuko mbali, na mwanamke aliye karibu ana mikono miwili tu, na mikono hiyo tayari imeshika watoto wengine.

Khamala alikuwa ameipiga mstari mwekundu mara mbili na kuandika pembeni: si ya kitaaluma.

Nelima alipoamka alimkuta ameketi katikati ya karatasi, hana hata chai. Alidhani ni mgonjwa. Khamala alikuwa ameyasoma maneno yale mara moja tu mwezi Juni na kuyaua, na sasa hakuweza kusoma kitu kingine.

Ijumaa walikutana kanisani, yeye, Amondi na Derrick. Wale wasichana wawili hawakuja wala hawakushika simu. Khamala aliwaeleza maneno ya Kyalo yote, na kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelipima siku mbili nzima.

"Semeni ni mashine."

Walimtazama.

"Mkisema ni mashine mtarudia mwaka. Mkisema ni mimi mtafukuzwa. Kubalini mashine. Ni uongo, najua. Utakuwa wangu, si wenu."

Derrick alikaa ameinamisha kichwa. "Mwalimu, mimi nitasema hivyo," akasema mwishowe. "Sina njia."

Amondi alikuwa amesimama karibu na mlango akimtikisa mtoto. "Mimi siwezi," akasema. "Nikisema ni mashine, basi hata Lindi sikuenda. Watasema kila kitu ni mashine, hata wale watoto. Wale watoto niliwaona. Wengine naweza kukuambia majina."

"Watakufukuza."

"Si ni wewe ulifanya wanifukuze?"

Alisema bila hasira, na Khamala alitamani angekuwa na hasira. Derrick aliondoka akawaacha. Khamala akamwomba Amondi asimame pale mbele na amweleze utafiti wake, kana kwamba yeye ndiye kamati. Amondi alianza na sentensi ya kwanza ya ripoti, ile ndefu ambayo Khamala aliitengeneza siku mbili, akakwama katikati. Alianza tena akakwama palepale. Mara ya tatu machozi yakamtoka.

"Haya maneno si yangu, Mwalimu. Nikiyasema yananikaa kooni."

"Weka karatasi chini. Niambie tu. Nyumba ya kwanza ulienda kwa nani?"

"Kwa mama mmoja, hapo chini karibu na mto. Yuko na watoto kumi na wanne na kitanda kimoja."

"Endelea."

Aliendelea. Kiswahili, Kiingereza, Sheng, vyote kwa pamoja, wakati mwingine katika sentensi moja. Alisema jinsi yule mama alivyowapanga watoto kitandani kwa upana ili watoshee, na jinsi wakubwa, wa miaka mitatu, walivyofundishwa kuwashikia wadogo chupa. Alisema ni nyumba ngapi kati ya zile kumi na sita zina choo karibu na ni ngapi zina maji. Hakukosea hesabu hata moja. Mara kadhaa Khamala alisikia kosa likipita na mdomo wake ukafunguka wenyewe, akaufunga. Mwishowe aliikalia mikono yake kama mtoto wa shule. Alipomaliza, Amondi alimtazama akisubiri kusahihishwa, na Khamala akasema, "Hivyo hivyo. Usibadilishe kitu." Kisha akampa ule mfuko wa rasimu. "Hizi ni zako. Utaamua wewe kama utazitoa."

Jumatatu alimsindikiza chuoni. Hakuruhusiwa kupita lango. Mlinzi alimwambia kamati ni ya wanafunzi tu. Alibaki nje kando ya kibanda cha kuuza soseji za smokie, na mtoto wa Amondi mikononi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumshika. Derrick aliingia wa kwanza na kutoka baada ya dakika kumi. Alikubali mashine. Alisalimia, akaenda zake. Wale wasichana wawili hawakuonekana.

Amondi alikaa ndani zaidi ya saa moja. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena. Khamala alimtembeza barabarani huku na huku, akampa kipande cha mkate, akamtembeza tena. Kwa muda wote huo alikuwa akiomba kwa Kibukusu, lugha ambayo hakuwa ameitumia kuomba tangu mama yake alipofariki, na hakujua anaomba nini hasa, kwamba Amondi aseme ukweli ama asiseme.

Amondi alipotoka alikuwa na mfuko mtupu.

"Nimewapea," akasema, na kumchukua mtoto wake.

Alikuwa ameziweka zote mezani, nyekundu zote. Aliwaambia mashine haikuandika, kwamba mzee mmoja alimsaidia kupita kiasi naye akakubali kwa sababu aliona haya ya Kiingereza chake. Wakamuuliza basi yeye alifanya nini. Akawaambia. Aliongea dakika arobaini bila karatasi, na mwanamke mmoja wa kamati alianza kuandika anachosema.

Hukumu ilikuja baada ya wiki. Hawakumfukuza. Ripoti ilifutwa, akasimamishwa mihula miwili, na akirudi ataandika upya ndani ya maktaba ya chuo, mbele ya mtu. Cheti hakingekuja mwaka huo. Shirika lile lilisubiri hadi Januari likamwajiri mwingine, msichana wa Ongata Rongai ambaye hakuwa ameingia Lindi hata siku moja. Amondi alimwona mara ya kwanza akiuliza njia.

Jina la Khamala lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo: wanafunzi wanaonywa wasipeleke kazi zao kwa mtu huyu. Mchungaji wa Gatina alikuja mwenyewe mpaka Kianda kuomba ufunguo wa kanisa. Alikunywa chai, akazungumzia mvua, na ilimchukua muda kufika kwenye jambo lililomleta. Khamala alimrahisishia. Aliuweka ufunguo mezani kabla hajaulizwa.

Derrick hakurudia mwaka. Mjomba aliyekuwa akimlipia alisema hawezi kulipa mara mbili kitu kimoja. Sasa anabeba mawe kwenye mjengo Kilimani, na jioni akipita mlangoni, nguo zimejaa simenti, humsalimia Khamala kwa heshima ile ile ya zamani. "Niaje, Mwalimu." Khamala alimwomba mara moja asimwite hivyo. Derrick alidhani ni utani.

Kwa miezi mingi Khamala hakusoma. Nelima alimpa kazi ya kushona vifungo na kukata nyuzi za sare, naye akaifanya kimya, siku baada ya siku, na wakati mwingine mke wake alimwona ameshika shati moja kwa muda mrefu haliangalii. Hakwenda Toi. Alizunguka kwa njia ya mbali ili asipite karibu na kibanda cha Amondi.

Ni Amondi aliyekuja, Jumapili moja ya Novemba mwaka uliofuata, baada ya kanisa. Alikuwa na ripoti iliyojalidiwa kwa plastiki ya buluu, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Aliketi kwenye stuli ya Nelima akaipakata mapajani.

"Nimepita," akasema. "Si alama nyingi. Nimepita tu."

"Uliandika peke yako?"

"Peke yangu. Walinipa mtu wa kunichunga kama wa mtihani."

Khamala alinyoosha mkono. "Nisome?"

Amondi hakuinua mkono kutoka juu ya jalada. Alionekana amelifikiria jambo hilo njiani.

"Hapana, Mwalimu," akasema.

Nelima alileta chai na viazi vitamu. Walizungumza juu ya watoto wake, juu ya bei ya mitumba, juu ya mashirika matatu aliyoyaandikia na hakuna lililojibu. Alisema yule mama wa karibu na mto amefunga nyumba yake, watoto kumi na wanne wametawanyika hajui wapi. Khamala alisikiliza. Mara mbili Amondi alitafuta neno akalikosa, naye akamsubiri mpaka akalipata mwenyewe au akaliacha.

Alipoondoka alishukuru kwa chai na kuibana ripoti kwapani. Nelima alimsindikiza hadi kwenye bomba la maji, akarudi, akamkuta mumewe bado ameketi palepale.

"Amekuonyesha? Ameandika nini?"

"Sijui," Khamala akasema, akavuta kikapu cha vifungo karibu.